Karatasi Mfukoni mwa Kanzu

Mwanangu, Jumatatu unaanza kazi huko Tononoka, na Biblia nimeiona umeipanga juu ya nguo zako. Vizuri. Kaa kidogo nikwambie jambo. Nakumbuka siku moja ambayo hata leo ikinijia nainamisha uso. Nilikuwa msichana nimetoka Rabai, nimeokoka majuzi tu, na wokovu wangu ulikuwa haushikiki.

Nilishona kanzu kwa Bi Zuhura, kule Kuze. Mama wa watu hakuninyima kitu. Jumapili yangu ya kanisa aliniachia bila kuuliza, na Ramadhani alinitengea chakula jikoni kwake nile bila wasiwasi. Nami nikamlipa vipi? Idd inakaribia, kazi zimetufika shingoni, nikaandika aya za Injili kwenye vijikaratasi nikavitia mifukoni mwa kanzu za wateja. Usicheke. Nilijiona mtume.

Mzee mmoja alichukua kanzu yake mapema, akaivaa Ijumaa. Msikitini akatia mkono mfukoni kutafuta tasbihi, akatoka na karatasi yangu. Baada ya swala alikuja dukani, uso umembadilika. Bi Zuhura akaisoma, kisha akasema, "Niwie radhi, ami yangu. Duka ni langu, na kosa ni langu."

Hakunitaja. Nami nipo kwenye cherehani, najua kazi imekwisha.

Mzee alipoondoka, Bi Zuhura aliniita. "Salome, miaka mitatu uko nami. Nimewahi kukutilia changu mkobani mwako?"

"La, Bi."

"Basi mwenye kutaka ulicho nacho atakuuliza. Chema chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza."

Tukapekua kanzu zilizobaki, mfuko kwa mfuko. Nilidhani atazichana zile karatasi. Alizikusanya zote, akazifunga kwa kitambaa safi, akanirudishia mkononi. "Ni maneno ya Mungu haya, hayatupwi." Hapo nililia, na kazini hakunifukuza.

Miaka ikapita. Alipougua nilikwenda kumtazama, akanishika mkono. "Niombee, Salome. Omba vile uombavyo wewe." Nikaomba polepole, kwa jina la Yesu, naye akaitikia amin.

Sikwambii ufiche imani yako. Msalaba wako vaa, na ukiulizwa jibu bila kuona haya. Lakini usimvizie mtu kwa neno la Mungu. Usiibe saa za kazi za tajiri wako ukaziita maombi. Wenzako wakienda kuswali, washikie kazi, wala usihesabu fadhila. Heshima si utumwa, mwanangu. Atakayekuuliza habari za Mungu wako atakuwa ameshakutazama siku nyingi.

Haya, nenda. Mungu akutangulie, akupe mkono mwepesi na ulimi wa taratibu, na siku moja akujaalie mtu wa kukushika mkono akwambie, "Niombee."