Niliyapanga Malori Upya Kwenye Daftari

Kosa ni langu, na sitamtupia mtu mwingine. Nimeliandika mara tatu nikalifuta kwa kuwa halikukaa vizuri, na tabia hiyohiyo ya kufuta ndiyo iliyoniponza. Leo likae linavyokaa.

Nina miaka ishirini na mbili. Naishi Malaba, mpakani na Uganda, upande wa Kenya, na nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi. Chuo sijakanyaga. Hisabati nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu ambavyo wateja walivisahau. Nikikosea hesabu moja, nachana ukurasa mzima.

Mwaka jana alikuja mwanamke mmoja, nitamwita Dada Nekesa, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu ya hisabati. Alileta kazi zake nizitoe nakala, akanikuta nasoma nadharia ya foleni. Tuliongea mpaka wateja wakaanza kulalamika.

Utafiti wake ulihusu swali ambalo kila dereva hapa hujiuliza: kwa nini foleni ya malori inafika mbali hivyo hata siku ambazo geti linafanya kazi sawasawa? Akanipa kazi. Wiki sita nikae barabarani, niandike saa ambayo kila lori linajiunga na foleni na saa linapovuka. Kazi ikienda vizuri, alisema, angezungumza na idara yake nipate nafasi ya kusoma.

Aliniagiza jambo moja tu. Nikikosa kuona, niache wazi.

Madereva walinizoea. Mzee mmoja wa Mombasa aliniita karani wa mbinguni, akawa anamwambia taniboi wake, msaidizi wake wa safari, achane nywele kwa sababu anaandikwa.

Wiki ya nne malaria ikaniangusha siku tatu. Niliporudi, zile kurasa tupu zilinisumbua kama jino bovu. Sikuweza hata kuzitazama! Wastani niliujua, lori moja kila dakika saba hivi. Nikajaza. Saba, sita, nane, saba.

Laiti ningeishia hapo! Kurasa za uongo zilionekana nzuri kuliko za kweli. Kuna asubuhi malori kumi na moja ya mafuta yalifika kwa mkupuo. Nikayatawanya hadi adhuhuri. Lori lililokwama siku mbili kwa ajili ya karatasi, nikalifuta. Kisha nikanakili kila kitu kwenye daftari jipya, na lile la zamani nikaliwashia jiko.

Dada Nekesa alisifu mwandiko wangu. Mungu wangu, alisifu mwandiko!

Alizifanyia kazi hesabu zile kwa miezi. Nami nilikuwa na miezi hiyohiyo ya kusema ukweli. Kila alipopiga simu nilijiambia nitamwambia simu ijayo.

Siku alipowasilisha kazi mbele ya jopo, profesa mmoja aliutazama mchoro wake akauliza kama malori ya Malaba huja kwa miadi. Watu wakacheka. Maana vitu vinavyotokea kwa nasibu, bila mpangilio, huja kwa mafungu: kimya, kimya, halafu matano pamoja. Mafungu hayo ndiyo yanayovimbisha foleni. Jibu alilokuwa akilitafuta Dada Nekesa lilikuwa pale, na mimi ndiye niliyelipiga pasi.

Alikuja mwenyewe. Alinikuta kando ya barabara nikinywa chai na yule mzee wa Mombasa. Akanionyesha zile siku tatu, zilizonyooka kuliko zote, akazitaja tarehe na kuniuliza kama nilikuwa kazini. Nikasema ndiyo.

Mzee akaingilia, wala hakuwa na nia mbaya. "Huyu? Acha, mama. Wiki hiyo mimi nilikwama hapa, yeye amelazwa na malaria. Si tulimpelekea machungwa?"

Dada Nekesa hakupaza sauti. Alinipa daftari. "Nionyeshe za kweli. Hata zikiwa kurasa kumi."

Nikaanza kufungua. Hii ni ya kweli. Hii niliisogeza kidogo. Hii, sijui. Kufika katikati vidole vikasimama. Mimi mwenyewe sikuweza tena kutofautisha.

"Basi," akasema. Akalichukua daftari, akaondoka.

Muda wake chuoni ulikuwa umekwisha na hakuongezewa mwingine. Sasa amerudi kufundisha sekondari. Ujumbe wangu wa kuomba msamaha ameusoma, hajajibu. Nafasi yangu ya chuo nitaiomba kwa uso gani?

Wewe unayejifundisha peke yako, unayeona aibu kukosea hata pasipo na mtu wa kukutazama, nakusihi: peleka kazi yako na matundu yake. Watakucheka, watakurudisha, lakini watakuwa wameshika kitu cha kweli. Mimi nilimkabidhi Dada Nekesa daftari lisilo na doa, na ndani yake hakupata hata lori moja la kuamini.