Siku Nilipompakua Nguruwe Manda

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo akampa ulimi, kipande cha nyama kisicho na mfupa, kimwinue au kimwangushe. Namshukuru kwamba wangu uliniangusha kwa kishindo mara moja tu, naye akaniokota kabla sijavunjika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetufundisha kusema la heri au kunyamaza. Mimi siku ile sikusema la heri, wala sikunyamaza.

Miaka michache iliyopita walikuja Shela wazee watatu wa kizungu. Ujanani mwao walikuwa askari wa anga, wakatumwa kutoka kwao ng'ambo hadi kiwanja cha ndege cha Manda, kisiwa kinachotazamana na Amu yetu, yaani Lamu, nami nilikuwa mmoja wa vijana waliowafanyia kazi. Waliposikia ningali hai walinialika chai. Tulikaa kutwa nzima, na mazungumzo yao yote yalikuwa joto. Joto la hema, joto la kiatu, yai walilolikaanga juu ya bawa la ndege likaiva kabla chumvi haijafika. Wakaniuliza kama namkumbuka mkubwa wao, aliyekuwa akijitumbukiza ndani ya pipa la maji kila adhuhuri. Nikawaambia namkumbuka sana, kwa sababu pipa lile lilikuwa la maji yetu ya kunywa.

Wao wanakumbuka joto. Mimi nakumbuka nguruwe.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya. Huko bara, upande wa mpakani, hakukuwa na amani, na watu wengi walikuwa wamekimbilia visiwani na watoto wao. Kwa ajili hiyo iliwekwa kambi ndogo pale Manda: mahema, mapipa ya mafuta, mlingoti wa redio, na kipimajoto kilichotundikwa kwenye nguzo. Kila saa saba mchana wazungu walikizunguka kipimajoto kile kama watu wanaongoja mwezi uandame. Kikipanda walishangilia, kikishuka walinung'unika. Waliniuliza baridi ya kwetu huja lini. Nikawaambia huja Julai, ndipo tunapovaa fulana. Mmoja alikwenda kulala akiwa bado na viatu.

Mimi nilikuwa kijana wa chuoni, nimesoma Kurani nikahitimu, nasoma sarufi na fikihi kwa Maalim mmoja wa mtaa wa Mkomani. Maalim huyo alikuwa na binti. Sitasema mengi juu ya binti, kwa kuwa yuko chumba cha pili akipepeta mchele na masikio yake bado ni mazima. Mama yangu alipopeleka posa, Maalim alikubali kwa sharti moja: mume awe na kazi ya halali inayojulikana. Nikaitafuta kazi, nikaipata Manda, ya kushusha mizigo ya ndege. Siku ya nikaha ikapangwa: Ijumaa baada ya alasiri.

Sasa, ndege yenyewe. Ilikuja Jumanne na Alhamisi, tumbo kubwa, miguu mifupi, pua imebinuka, na mlio wake ulikuwa wa kukoroma hasa. Wazungu kwa lugha yao waliipa jina la nguruwe. Sajini mmoja wa bara, Mkristo mwema aliyekuwa akishika redio na kutufasiria, akatuletea jina hilo kwa Kiswahili. Alikuwa akitucheka kwa kusema kwetu "nti" na "ndia" badala ya nchi na njia, nasi tulimcheka kwa kutembea mchangani kama mtu anayepanda mlima. Lakini jina lile tulilichukua sote. Tukawa twasema, "Nguruwe amechelewa," "Nguruwe ametua," "Nguruwe mfungueni nyuma," bila kufikiri, kama mtu anavyosema punda.

Jumanne ya juma lile la nikaha tulishusha magunia kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Alasiri nilipanda mashua kurudi Amu, nikakaa karibu na fundi seremala aliyekuwa akiwatengenezea wazungu meza. Mbele yetu alikaa Bi mmoja wa mtaa wetu, na kapu lake la udi na mavumba. Bi huyo aliuza vitu viwili, vya kunukia na vya kusimuliwa, na vya kusimuliwa alivitoa bure.

"Bwana weye," akaniambia fundi, "mbona umepinda mgongo kama ndoana?"

"Niache. Leo nimempakua nguruwe tangu asubuhi."

"Peke yako?"

"Tulikuwa wanne. Wazungu wamesimama kivulini watutazama. Na tumbo lake haliishi, Bwana! Ukidhani umefika mwisho, waona kungali na mengine huko nyuma."

"Poleni. Na Alhamisi je?"

"Alhamisi tunaye tena. Wasema atakuwa mnono kuliko wa leo."

Bi hakugeuka. Alilivuta tu kapu lake, polepole, likawa mbali na magoti yangu. Mimi nikadhani ananipa nafasi ya kunyoosha miguu, nikamshukuru.

Msomaji wangu, unajua kwamba kupakua ni kutoa mzigo chomboni. Unajua pia kwamba kupakua ni kutoa chakula chunguni. Mimi nilikuwa natoka chomboni. Bi alikuwa anafikiria chungu.

Nilipofika nyumbani baada ya maghribi nilimkuta mama amekaa mkekani, analia bila sauti.

"Mwanangu," akasema, "samaki nyumbani wamekosekana?"

"Hawakukosekana, mama."

"Kuku je? Mbuzi hatukuchinja sikukuu?"

"Tulichinja. Kuna nini?"

"Mtaa mzima unajua. Umempakua nguruwe, umekula na wenzako watatu, na Alhamisi mna mwingine mnono."

Nikacheka, na kule kucheka kukaniharibia zaidi. Nikamwambia haraka, "Mama, yule nguruwe ni ndege!"

Mama akaacha kulia akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Nguruwe ni ndege?" akasema. "Ana mabawa? Hutaga? Ewe Mola wangu, wamemlisha nini mwanangu, hata wanyama hawajui tena!"

Kabla sijamaliza kumweleza, pakabishwa hodi. Alikuwa mjumbe wa Maalim, kwa maneno machache: "Maalim akusalimu. Asema Ijumaa usije."

Sikuweza kula. Kazi niliyoitafuta ili nimpate binti ndiyo iliyokuwa ikinikosesha binti. Nilisali, nikamwomba Mola anifungulie, na baada ya alfajiri nikenda kwa Maalim. Nilimbusu mkono. Hakuuondoa, nikapata tumaini. Alikuwa mtu wa haki. Hata paka wake akidaiwa kuiba samaki, alitaka kwanza wasikilizwe wote wawili.

"Bi ni mkweli," akaanza. "Nimemjua miaka mingi. Huongeza chumvi, lakini mchuzi huwa upo. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Maalim."

"Basi."

"Lakini Maalim, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Neno likiwa na maana mbili, halihukumiwi mpaka ipatikane karina, jambo la pembeni la kuonyesha ni maana ipi iliyokusudiwa. Kupakua kuna maana mbili. Na nguruwe huyu naye anazo mbili."

Akazishika ndevu zake. Niliona furaha ya mwalimu ikipigana na hasira ya baba.

"Umejibu vizuri," akasema. "Na karina yako iko wapi?"

"Iko Manda. Yashuka kesho saa nne."

"Yashuka? Kutoka wapi?"

"Kutoka yuu, Maalim."

Akaitazama dari, kisha akanitazama mimi. "Kesho tutakwenda kuitazama hiyo karina inayoshuka kutoka yuu."

Alhamisi asubuhi tulikuwa watatu mashuani: Maalim na mwavuli wake, mimi, na Bi, ambaye hakualikwa. "Mimi ndiye niliyesikia," alisema, "na mimi ndiye nitakayeona. Sikuzua neno. Nikiwa nimekosa, nataka nikose kwa mato yangu mwenyewe."

Sajini alitupokea kwa adabu zote za kwao. "Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama. Karibuni sana. Mmekuja kumwona nguruwe?"

Maalim akafumba macho.

"Umesikia, Maalim?" akasema Bi.

"Bado kidogo," akaendelea Sajini, hajui anachokichoma. "Nimeongea naye sasa hivi. Yuko juu ya Malindi."

"Umeongea naye," akasema Maalim.

"Ndiyo, Mzee. Anasikika vizuri leo. Jumanne alikuwa anakwaruza."

Bi akalishika kapu lake kwa mikono miwili. "Nguruwe yuko juu ya Malindi," akasema taratibu, "na anaongea. Maalim, turudini. Hizi ni dalili za Kiyama."

"Kaa, Bi," akasema Maalim. "Tumekuja kutafuta karina. Haifai kuikimbia."

Basi tukasikia ule mkoromo. Ulianza mbali, ukakua, na juu ya mikoko kikatokea kitu chenye tumbo kubwa na pua iliyobinuka, kikashuka, kikaruka kidogo, kikashuka tena, kikapita mbele yetu na vumbi la nti nzima. Mwavuli wa Maalim ulipinduka ukawa kama ua. Sajini akapaza sauti, "Huyo! Nguruwe ametua!"

Maalim alisimama, kanzu yake imekuwa rangi ya mchanga. Aliizunguka ndege kwa mbali, akaitazama pua, akalitazama tumbo. Wazungu wakafungua mlango wa nyuma.

"Bi," akasema hatimaye, "waona nini?"

Bi naye akaitazama mbele na nyuma. "Naona ndege," akasema. "Lakini, Maalim, haki ya Mungu, yafanana na nguruwe."

Siku ile wenzangu wawili walikuwa wameshikwa na homa, hawakuja. Tulibaki mimi na mwenzangu mmoja tu, na rubani akasema kupitia Sajini kwamba lazima aruke kabla ya adhuhuri, joto lisije likamzuia kupaa. Ndani mlikuwa na unga na mablanketi ya watu waliokimbia bara, na mashua ilikuwa ikingoja kuvipeleka Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate, kwa wale waliohifadhiwa huko. Maalim akauliza ni vya nani. Alipoambiwa, aliufunga mwavuli uliovunjika, akampa Bi, akaikunja kanzu akaifunga kiunoni.

"Maalim, la, sisi tutafanya," nikamwambia.

"Wenye njaa hawaulizi nani amebeba. Nishushie hapa begani."

Akabeba. Mtu wa umri wake, msomi, kamba zikimkata viganja, jasho likimtoka mpaka kofia ikalowa. Bi alikaa juu ya pipa akatusimamia: "Wewe mwembamba, shika vizuri! Maalim, goti! Tazama goti!" Rubani alimwona Maalim akamletea maji na kopo la kitu cha kula. Maalim alimwomba Sajini alisome lile kopo mara tatu, na mara ya tatu aape. Yalikuwa matunda. Maalim alimshukuru rubani, akampa Bi kopo lile alitie kapuni.

Tulipofika Amu, gatini palikuwa na watu wengi kuliko kawaida ya saa ile. Mbele kabisa alikuwa mama. Mzee mmoja wa mtaa akapiga hatua.

"Maalim, tumengoja. Yale maneno ni kweli?"

Maalim hakuwahi kusema uongo, na hakupenda kusema nusu. Alisimama na kanzu yake chafu, ameshika kiuno.

"Ni kweli," akasema. "Yuko Manda. Nimemwona. Na leo nimempakua mimi mwenyewe kwa mikono yangu, mpaka tumbo likabaki tupu."

Mama aliketi chini. Mzee aliyeuliza alianza kusoma istighfari kwa niaba ya mji mzima. Maalim aliwaacha hivyo kitambo kirefu kuliko kilichohitajika, na leo, nikiwa nimefika umri wake, naamini aliifurahia kila dakika. Kisha akamgeukia Bi.

"Wape karina," akamwambia.

Na Bi, Mungu amrehemu, akawapa. Aliwapa pua, akawapa mkoromo, akawapa vumbi, akawapa Malindi, na huyo nguruwe akiongea kwenye redio. Kabla ya maghribi mji wote ulikuwa unacheka, na jioni mjumbe yule yule alinijia na maneno machache kama yale ya kwanza: "Maalim akusalimu. Asema Ijumaa usichelewe."

Ijumaa baada ya alasiri msikiti ulijaa. Sajini na wazungu watatu walisimama barazani nje na suruali ndefu, nyuso zimeiva, wasitake kuonekana wamekosa adabu kwa kutafuta kivuli. Nilikaa mbele ya Maalim, akautia mkono wangu katika mkono wake kama ilivyo desturi. Viganja vyetu vyote viwili vilikuwa na malengelenge ya kamba za magunia, na aliponibana niliona nyota. Aliniinamia sikioni.

"Sema kama ulivyofundishwa," akaninong'oneza, "na usiongeze neno."

Nikasema nimekubali, sikuongeza neno. Neno hilo halikuwa na maana mbili siku ile, na hadi leo, alhamdulillahi, lina maana moja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi na ulimi wako mwenyewe, akubariki katika nyumba yako na riziki yako, na kila utakapoteleza kwa neno akujaalie watu wenye subira ya kuvuka maji kwenda kutafuta maana yake ya pili. Amin.