Petroli ya Buluu Katika Gari la Ukoo

Amefariki yule jirani yangu wa hapa Quionga, ng'ambo ya mto wa mpaka ukitoka Mtwara, niliyewahi kumtania katika safu hii, mtu wa petroli ya buluu. Tulimzika Alhamisi baada ya adhuhuri, na wapo walionishika mkono pale pale makaburini wakiniomba nimwandikie maneno mazuri. Mungu amrehemu, hilo nalisema kwa moyo mweupe. Lakini maneno mazuri sina mengi, na sitayaazima kwa watu. Alikuwa mkarimu wa chai, mcheshi, mwepesi wa kuja msibani, na alikuwa mjinga wa kujitakia, na ujinga wa kujitakia ndio pekee ninaoudharau. Kufa kwake hakujabadilisha hilo.

Gari lenyewe halikuwa lake, na msomaji asiyelijua hili hataelewa hasira yangu. Tuliporudi nyumbani baada ya ile miaka ya kukimbia vita, ndugu zake walikaa kitako wakakumbushana jinsi walivyombeba mama yao mgongoni, kwa zamu, wakipita kwenye minazi ya watu hadi mtoni. Wakaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena kwao. Wakachanga. Mmoja aliuza nazi za msimu mzima, na dada yao mkubwa akavua bangili zake za harusi akaziweka mkekani. Likapatikana gari dogo la Kijapani, limeshatumika, lina turbo, likavushwa kutoka upande wa Mtwara. Wakaliita gari la ukoo. Kazi yake ilikuwa kuwahisha wagonjwa na wajawazito hospitali ya Palma, na kubeba watu siku za misiba. Ufunguo akakabidhiwa yeye, kwa kuwa wakati ule ndiye peke yake mwenye karta, yaani leseni. Neno "ukoo" liliingia sikio hili likatokea lile. Neno "turbo" likampanda kichwani likakaa.

Huku kwetu, siku ya pili ya Idi, vijana wenye magari hukusanyika kwenye pista ya zamani, ile ambayo ndege haishuki tena, wakakimbizana kutoka ncha hadi ncha huku wenzao wakipiga kelele pembeni. Sina ugomvi na vijana. Lakini huyu alikuwa na wajukuu, na akaenda kupanga foleni nao na gari la wagonjwa. Mara ya kwanza alishindwa vibaya, hata watoto wakamwimbia. Mara ya pili akaja na dumu alilolitoa Dar es Salaam, petroli ya mashindano yenye oktani ya juu, ya buluu kama wino na yenye harufu tamutamu. Alilifungua mbele ya umati akanisogezea puani.

"Nusa, kaka, nusa! Hii si gasolina ya chupa. Hii ni força, nguvu yenyewe!"

"Gari lako limetengenezwa kunywa hii?" nikamwuliza.

"Epá, na wewe! Mtu ukimpa pilau atakataa, aseme yeye kazoea muhogo?"

Akashinda. Sitamnyima haki yake, aliwaacha wenzake mbali kabisa. Alitoka garini analia machozi, watu wakambeba juu juu, na mimi nikajua kwamba tumekwisha.

Maana hapa ndipo dharau yangu ilipoanzia. Oktani haiongezi nguvu. Ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa ndani ya injini bila kujiwakia kabla ya wakati wake. Injini ya mashindano, iliyofunguliwa na kupangwa upya, inaihitaji. Gari lililotoka kiwandani na kubaki lilivyo, hata liwe na turbo, likishapata petroli ya kiwango lililopangiwa halijui lifanye nini na hiyo ziada. Basi alishindaje? Alishinda kwa sababu petroli yetu ya kila siku, hii inayouzwa kwenye chupa barabarani, inachanganywa na mafuta ya taa, na saa nyingine maji. Magari yote pale pistani yalikuwa yakikohoa kwa uchafu huo. Lake siku ile lilikunywa kitu safi, pengine kwa mara ya kwanza tangu livuke mto. Petroli ya kawaida ya pampu, ambayo haijachezewa na mtu, ingempa ushindi ule ule. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakunisikia, nikampigia simu aliyemwuzia, yeye akiwa kando yangu anasikiliza.

"Mzee wangu," muuzaji alijibu bila kuficha, "kwa gari la hivyo haisaidii kitu. Tena ina madini ya risasi ndani. Akiitumia kila siku ataharibu vifaa na kuziba masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Lakini wateja wanaitaka, mimi nauza."

Jirani yangu akaangua kicheko. "Está a ver? Unaona? Ananificha siri. Hataki niwaambie wengine."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nilimfikiria sana, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo dharau yangu ilivyozidi kuenea kwa wengine. Sisi tumezoea kibovu kiasi kwamba cha kawaida kikitufikia tunakiita muujiza. Nesi akifika kazini saa ya kazi, tunamwombea dua kama mtu aliyerudi Maka. Mkubwa akichimba kisima alichokuwa ameahidi, tunamchinjia mbuzi na kumwimbia. Halafu anatokea mtu na kitu cha rangi, tunamkimbilia tukiacha kila tulichokuwa tukifanya. Baada ya ushindi ule wa pistani, nusu ya vijana waliagiza ya buluu. Hata mmoja hakwenda kumwuliza muuza chupa, ambaye anakaa pale pale njia panda na ni shemeji wa nusu ya mji, anachanganya nini. Kumwuliza shemeji kungeleta maneno, na dumu la Dar halina undugu na mtu. Tukaona bora muujiza kuliko maneno.

Yeye akaendelea kuitia kila siku, hata kwa safari ya kwenda kununua samaki. Taa ya injini ikawaka mbele yake, akaibandika plasta. Gari likaanza kuvuta pumzi kwa shida, likipanda mwendo kwa kusitasita, akasema halijashiba. Ndugu zake walimwona akifanya haya yote. Walinyamaza, kwa sababu alikuwa bingwa.

Yaliyofuata nimesimuliwa na dada yake mkubwa, yule wa bangili. Asubuhi ya kufa kwake, kifua kilimbana jirani yangu akiwa uani. Wakampakia nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa dada, na mpwa wao akashika usukani. Gari lilitambaa. Nusu ya njia ya kwenda Palma likazima kabisa.

"Nikamwambia, mdogo wangu, tufanyeje?" dada alisema. "Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona tu. Akanyoosha kidole kwenye buti. 'Tieni ile ya buluu,' akasema. 'Mtaona.'"

"Mkafanya nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Tukatia, kaka. Dumu zima."

Halikuwaka. Wakamshusha, wakambeba mgongoni, kwa zamu, kama walivyombeba mama yao, na akakata roho kabla hawajaziona nyumba za Palma. Nilimdharau alipokuwa hai na sitajifanya leo kwamba sikumdharau, ila imeniuma, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuitia peke yake. Somo ninalolipata ni dogo, na ninaliandika nikijua halitasikika: kabla hatujaenda mbali kutafuta cha ajabu, tuulize kwanza hiki cha kila siku kimechanganywa na nini, hata kama anayekichanganya ni shemeji yetu. Gari la ukoo bado limesimama pale njiani. Jana nimeambiwa kwamba kuna mtu amekwenda na mpira na dumu tupu, akaifyonza ile ya buluu yote kutoka tangini. Idi imekaribia.