Kamera za baba mkubwa zilivyogawanywa Rusinga kama majembe

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa.

Mimi humu ni msomaji tu, lakini leo wacha na mimi niandike. Ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Pale nimesahau nitasema nimesahau.

Kuna kijana aliuliza hapa juzi afanye nini na kamera za zamani za babake. Nilisoma nikaweka kikombe chini, chai ikapoa.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi, huku kwetu kukiitwa South Nyanza. Nilikuwa kijana wa kuota mchana. Shule niliishia darasa la saba, lakini kisiwa kizima cha Rusinga kilijua nitakuwa mpiga picha mkubwa, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wote.

Ndoto yenyewe niliitoa kwa baba mkubwa Owiti.

Huyu mzee alipikia wazungu Kericho tangu akiwa kijana. Kamera ya kwanza aliipata kabla ya vita vya pili, ilikuwa imeangushwa na kutupwa, yeye akaitengeneza kwa kisu cha jikoni. Tangu hapo akawa anakusanya. Wakati wazungu walianza kufunga virago, wapishi wenzake waliomba vitanda na blanketi. Yeye aliomba kamera kuukuu za stoo.

Mama mkubwa alimngoja ufukweni akitarajia godoro. Ikashuka sanduku ya bati imejaa kamera. Sitaandika alichosema.

Zilikuwa collection ya maana, wakuu. Za boksi. Za mbao zenye pembe za shaba. Za kukunja, unazivuta zinafunguka kama onanda, yaani kodiani. Jumapili baada ya kanisa tulizitoa juani, tukapangusa moja moja kwa kitambaa laini, naye akinieleza hii ilitoka kwa nani, ile iliponea wapi.

Filamu zilikuwa ghali, kwa hivyo alipiga picha mara chache. Lakini kila dadake Akeyo akija kutoka Sori alikoolewa, lazima ampige.

Sasa Homa Bay mjini kulikuwa na Mzee Seif, mtu wa pwani, ana duka na studio ndogo nyuma yake. Siku moja alivuka kuja kuziona. Alivua kofia, akakaa chini kwenye mkeka kama mtoto.

"Bwana Owiti," akasema, "hizi zisitengane. Mimi nitatengeneza kabati la kioo pale studio, tuandike jina lako juu. Na huyu kijana aje nimfundishe kazi."

Moyo wangu uliruka. Baba mkubwa pia alifurahi, nilimjua, alianza kujikuna kidevu.

"Ni neno zuri. Lakini lazima niliseme mbele ya ndugu zangu."

"Basi waite hata kesho."

"Seif, wewe hujui kwetu. Mtu akianza kugawa vitu vyake akiwa mzima, watu wanauliza anaenda wapi. Kifo nacho kinasikia. Wacha tuvune mtama kwanza."

Tukavuna mtama. Akasema tungoje mahindi. Mimi kila nikimgusia, anacheka: "Wuoda, mwanangu, kwani unanifukuza duniani?" Na kwetu ukiwa kijana huwezi kumsukuma mzee kwa jambo kama hilo, utaonekana unamtakia mabaya. Nikawa naendelea kupangusa kamera.

Mahindi hayakukomaa akiwa hai. Ni kifua. Kilimshika kidogo tu, tukadhani ni baridi ya ziwa.

Baada ya mazishi kuna siku ya kugawa vitu vya marehemu, tunaita keyo nyinyo. Jembe linaenda kwa huyu, kiti kwa yule, kila ndugu aende nyumbani na kitu cha kumkumbuka mpendwa wake. Ni siku nzuri, watu wanalia na kucheka. Ile sanduku ya kamera ikaletwa.

Nikasimama. Nikasema baba mkubwa alitaka zikae pamoja Homa Bay.

Mzee wa ukoo akaniuliza kwa upole, "Alisema mbele ya nani?"

"Mbele yangu, jaduong'. Na Mzee Seif."

"Kijana na mwenye duka." Watu wakacheka kidogo. "Nyathina, keti. Angetaka hivyo angetuita. Sisi tulikuwa wapi?"

Hakunikosea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wakaanza kugawa, na ndugu walikuwa wengi kuliko kamera. Mtu mmoja akagundua jicho la mbele, yaani lenzi, linafunguka likizungushwa. Wote wakafurahi! Huyu achukue jicho, yule achukue mwili, mwingine mkanda, asikose mtu. Nikawa nazitazama zikifunguliwa mapajani mwa watu, kwa upendo kabisa.

Kufika mavuno yaliyofuata nilianza kuzitafuta, bado nikiota kwamba Mzee Seif atanisaidia kuziunganisha.

Binamu mmoja alikuwa amebadilisha yake na mbuzi soko la Ogwedhi. Baba mdogo alinionyesha kwa furaha vile jicho linakusanya jua na kuwasha kiko. "Hata kiberiti sinunui tena, omera!" Ile ya kukunja, watoto walikuwa wameivuta mpaka ikapasuka.

Mwisho nikafika Sori kwa waya Akeyo, shangazi yangu. Yeye alipewa mwili wa ile kubwa ya mbao. Alikuwa ameufunga kwa kitenge chake cha kanisani na kuuweka juu ya kabati.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba. Kabla nifungue mdomo, akaufungua.

"Simama pale mlangoni," akasema. "Nikupige vile yeye alikuwa ananipiga. Usicheze!"

Akafunga jicho moja, akanitazama kupitia lile shimo tupu. Hakukuwa na lenzi, wala filamu.

"Cheka basi. Unanikalia kama mshtakiwa."

Nikacheka, wakuu. Nikasimama wima, mkono kiunoni, mpaka aliporidhika akasema tayari. Sikumwomba tena.

Nilikuja kuwa dereva. Maisha ni mazuri, sina lawama na mtu. Lakini kabati lile la kioo bado naliona nikifunga macho, na halikuwahi kutengenezwa.

Ninachojua ni hiki. Mzee wako akianza kusema ataita watu baada ya mavuno, usibishane naye juu ya kifo. Pika chai, waite watu wewe, vitu viwekwe katikati, aulizwe akiwa anacheka. Jambo likishasemwa mbele ya wote litasimama.

Wewe kijana wa babake mwenye kamera, uko hapa? Na nyinyi wengine, kwenu mzee huulizwaje bila kuonekana unamzika? Nielezeni, nasoma zote.