Filamu Aliyoisimamisha Bi Vesna

Sebule ya Bi Vesna ilinukia pilipili hoho zilizochomwa na kahawa nzito, na kila ndege ya kutua Heathrow ilipopita juu ya paa tulinyamaza mpaka mlio wake uishe. Bi Vesna alikuwa jirani yetu pale Hounslow, jijini London, Mkroatia wa makamo aliyefanya kazi pamoja na mama ya kupanga vyakula vya abiria wa ndege. Zamani, kwao Zagreb, alikuwa mchoraji katika studio ya katuni. Nilikuwa na miaka kumi, na majira yale ya baridi vita vilikuwa vimepamba moto nchini kwake. Kaka yake, Ivo, alikuwa katika mji uliozingirwa na simu hazikupita.

Jumamosi mchana alitualika kutazama kaseti zake za video. Nadhani alikuwa akiikimbia taarifa ya habari. Alianza na katuni za Zagreb, vijitu vya mistari michache visivyosema neno, ambavyo katika ujana wake vilizunguka dunia na kurudi na tuzo. Baadaye zikaja filamu za wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani, za enzi ambazo Kroatia ilikuwa bado ndani ya Yugoslavia. Za mwanzo zilijaa mashujaa na madaraja yanayolipuliwa. Nyingine, alisema, zilitengenezwa na watu waliothubutu kuuliza majirani walitendeana nini vita vile vilipokuwa vikiendelea.

Tulikuwa tukitazama mojawapo ya hizo, isiyo na rangi, baba alipoingia kutoka kazini akaketi karibu na mlango. Baba alikuwa mtu wa Unguja aliyeondoka baada ya mapinduzi, na habari za mapinduzi hayo hazikuzungumzwa kwetu. Katika filamu, mtu mmoja alikuwa mezani na familia yake. Mwenzake akamwita kutoka nje, kwa jina, kwa upole kabisa. Akainuka, akaenda.

"Simamisha hapo, tafadhali," baba alisema.

Bi Vesna akabonyeza kitufe. Picha ikabaki inatetemeka.

"Ndivyo walivyomchukua Hamad," baba akasema kwa Kiswahili, kisha akamwambia Bi Vesna maneno hayo hayo kwa Kiingereza.

"Hamad ni nani?" niliuliza.

"Ami yako. Mdogo wangu."

Sikuwahi kusikia kwamba nina ami. Nilimtazama mama, naye alikuwa akitazama zulia.

"Aliyemwita mlimjua?" Bi Vesna aliuliza taratibu.

"Tulikuwa tukifuturu naye."

Bi Vesna akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni. "Mimi nangoja simu," alisema. "Wewe ulingoja nini?"

"Mlango," baba alijibu. "Mpaka tulipoihama nyumba."

Filamu ile hatukuimaliza. Vita vilipokwisha, mabaki ya Ivo yalipatikana, na Bi Vesna akarudi kwao kumzika. Hakurejea London. Baba naye hakulitaja tena jina la Hamad, na mimi sikuthubutu kumuuliza, hadi alipofariki.

Sasa naishi Harrow. Hivi karibuni nilitazama na mwanangu filamu mpya ya Kikroatia, ya watu waliorudi kujenga nyumba zao kando ya wale waliozichoma. Utotoni niliwaona Wakroatia kama watu wasiojua kusahau. Siku hizi nawaonea wivu. Kila kizazi chao kimeurudia mlango uleule kwa kamera, wakati sisi tulibaki na sentensi chache zilizosemwa katika sebule ya mtu mwingine.

Mwanangu, ambaye hunielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, aliisikiliza habari hii yote, kisha akaniuliza ami Hamad alikuwa na sura gani. Hatuna picha yake. Nilimwambia ukweli, kwamba kila nikimfikiria ninayemwona ni mwigizaji wa Zagreb nisiyemjua jina, yule aliyeinuka mezani, na kwamba huyo ndiye niliyemlilia miaka yote hii.