Jina Kwanza, Risasi Baadaye

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na laiti kusahau kungekuwa kazi ya mikono ningekwisha kuimaliza. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, theluji imefika magotini, na mimi nimebeba bunduki mpya. Nitakufikisha huko. Niache kwanza nivute pumzi, maana mzee anayeungama hakimbizwi.

Wiki iliyopita uliniandikia kutoka Louisville. Umesema rafiki yako wa kazini amekualika kuwinda koyote kwenye shamba la wazazi wake, yule mbwa-mwitu mdogo wa nchi hii ambaye babu yako alimwita mbweha mpaka mwisho. Unataka bunduki ya kukoki kwa mkono, ile yenye chuma chini ya triga, unakisukuma chini na kukirudisha juu, ganda linatoka na risasi nyingine inaingia. Vichaka ni vingi huko, mnyama atatokea karibu, hatua thelathini au arobaini. Ukaniuliza uchague ipi. Halafu mwishoni ukatania: "Sitaki kuua mbwa wa watu kama babu." Ukaweka na vikatuni vya kucheka.

Niliigeuza simu kifudifudi mezani na chai yangu ikapoa. Utani huo naujua, nimeusikia kwenye harusi zenu na kwenye msiba wa babu yako mwenyewe kule Columbus. Hujakosea kuurudia, ndivyo ulivyolelewa. Swali lako nitalijibu, lakini jibu lake limekaa ndani ya siku ile, na siwezi kukupa moja nikaficha jingine.

Wakati ule tulikaa jengo moja, Lower West Side hapa Buffalo. Babu yako, Mzee Asukulu, ghorofa ya chini na bibi yako; mimi juu yao, kijana wa miaka thelathini na miwili, kiwandani Tonawanda mchana na majivuno saa zote. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, na pasipoti yangu nikaiona kama cheo. Babu yako alitoka milima ya Fizi kule Kongo, akapita kambini kwetu Kigoma miaka mingi, ndipo akaletwa huku. Tulikuwa wageni wawili kwenye baridi moja, lakini mimi nilimwona mkimbizi na nikajiona mwenyeji. Mwenyeji wa wapi, sijui.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabika, kwa hiyo nilimsomea barua na kumtafsiria hospitali. Nilimtafsiria pia kwa Bwana Carl, mzungu mmoja mkulima, mjane, mwenye shamba kusini mwa mji. Bwana Carl alikuwa amempa babu yako kona ya zizi na kipande cha ardhi. Mzee alifuga mbuzi sita pale, akapanda mahindi na lengalenga, mchicha wa kwao. Kila Jumamosi nilimpeleka kwa gari langu. Ungemwona akishuka garini pale. Mjini alitembea kama mtu anayeomba njia, lakini shambani alipiga mluzi. Kitu kile ndicho kilichokuwa chake katika nchi nzima hii, na nakuomba ukiweke moyoni tunapoendelea.

Mwaka ule koyote wakachukua mbuzi wawili. Bwana Carl akatupa ruhusa tuwawinde. Babu yako alikuwa mwindaji tangu utotoni, na alikuwa na bunduki kuukuu ya mtutu mmoja. Mimi nilikwisha kufanya mafunzo ya usalama na kupata leseni, ila bunduki sikuwa nayo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kuwinda kwangu kote kulikuwa kwenye simu, kutazama wanaume wenye ndevu wakifyatua risasi na kucheka. Lakini nilikwisha kumwambia kila mtu kiwandani kwamba kwetu tunawinda simba, na mwongo akishajenga nyumba lazima aiezeke.

Tukaenda dukani pamoja. Babu yako alizipita zote zinazong'aa, akasimama kwenye moja fupi, ya mbao iliyofifia, nyepesi, yenye vyuma vya kulengea tu juu ya mtutu. Risasi zake za wastani, za kumtosha mnyama wa kilo ishirini bila kumpasua. Akaniambia nifumbe macho, niipandishe begani, kisha nifumbue. Nikafumbua. Vile vyuma viwili vilikuwa vimekaa sawa mbele ya jicho langu, bila kuvitafuta.

"Bon," akasema. "Ile iko yako. Imekujua."

Mimi macho yalikuwa ukutani. Pale palikuwa na nyingine, ya shaba inayowaka, risasi zake nene kama kidole gumba, na juu yake darubini ya kuvuta mara tisa. Muuzaji mwenyewe aliniambia kwa upole kwamba ile ni ya dubu, na kwamba darubini ya namna hiyo ni ya mbali. Sikumsikia. Nilikuwa naipiga picha.

"Mutoto yangu," akasema babu yako, "porini karibu-karibu, ile lunette ya juu itakuonyesha manyoya tu. Hautaona mutu wala nyama. Bunduki haiko ya kuangalia, iko ya kushika."

Nikamjibu, na neno hili nalibeba mpaka leo: "Mzee, hapa siyo Fizi. Hapa watu wameendelea." Alivua miwani yake mizito, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na laiti guu langu ndilo lingevunjika.

Basi Jumamosi ile tukaingia kwenye vichaka nyuma ya zizi, jua ndiyo kwanza limepanda. Bwana Carl alituambia amemfungia mbwa wake ghalani. Mbwa huyo aliitwa Molly, jike mzee wa rangi ya kijivu mwenye mkanda mwekundu shingoni. Alikuwa akilala na mbuzi wa babu yako wakati wa baridi. Tukakaa chini ya mti wa msonobari, upepo usoni. Kabla ya kupuliza filimbi, babu yako alinikumbusha sheria ya baba yake. Nilikwisha kuisikia mara nyingi, na kila mara niliiona hadithi ya wazee.

"Kwanza uite jina yake, pole-pole, kwa mudomo. Ukiona kichwa, masikio, mukia, useme: mbweha. Kama mudomo haiwezi kusema jina, mukono nayo isifanye kitu."

Akapuliza. Filimbi ile inalia kama sungura aliyeumia, na koyote akiisikia huja. Dakika zikapita, vidole vyangu vikafa ganzi. Mara vichaka vikatikisika upande wa kulia, karibu mno, hatua ishirini na tano hivi. Nikapandisha ile shaba yangu, nzito, jicho kwenye darubini. Nikaona manyoya ya kijivu yamejaa kioo kizima. Kichwa sikukiona, wala shingo, wala mkia.

"Ngoja," babu yako akanong'ona. "Jina?"

Mwanangu, nilimsikia. Nataka ujue kwamba nilimsikia vizuri. Lakini nilikwisha kuona picha nitakayoituma kiwandani. Nikavuta.

Sikusimulii kile ambacho risasi ya dubu inamfanya mbwa. Babu yako alifika kabla yangu, akapiga magoti kwenye theluji, akamshika kichwa. Mkanda ulikuwa mwekundu kuliko nilivyoukumbuka. Molly alikuwa ametokea mlango wa nyuma wa ghala, amemsikia sungura akilia, akaja kutazama kama mbwa yeyote. Babu yako alikuwa akimwambia kitu kwa Kibembe, lugha ya kwao, taratibu, mpaka alipokata roho. Mimi nilisimama tu. Nililia, lakini ukweli ni kwamba nilijililia mwenyewe.

Bwana Carl alikuja akikimbia bila kofia. Akamwona mbwa wake, akamwona babu yako kwenye damu, miwani imefunikwa na ukungu, bunduki yake kuukuu imelala pembeni. Akauliza ni nani amempiga. Alimuuliza yeye, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao.

Babu yako akasema, "Muambie ukweli."

Maneno mawili. Sijawahi kupewa kazi nyepesi zaidi ya kutafsiri. Nikamtazama Bwana Carl usoni, nikamwambia kwa Kiingereza: "Anaomba msamaha. Macho yake ni mabaya."

Kiingereza cha kuhesabika, nilikwambia. Lakini neno la macho alilijua, nilimfundisha mimi mwenyewe kwenye kliniki. Aliniangalia. Nilitamani anikane, anitukane, anishike koo. Akainama, akamsaidia Bwana Carl kumbeba mbwa.

Wiki iliyofuata Bwana Carl alitupigia simu. Hakuwa na hasira, alisema tu kwamba hawezi tena, mzee awachukue mbuzi wake. Na simu ile nani aliitafsiri? Ni mimi. Mbuzi wanne waliobaki wakaondoka, na kona ya zizi, na lengalenga. Babu yako akabaki na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Jumamosi alizoea kuvaa viatu vyake vya shamba saa kumi na mbili asubuhi, na Jumamosi kadhaa bado alivivaa, akakaa navyo sebuleni. Bibi yako aliniambia hilo kwenye ngazi, akidhani nitacheka. Mwaka haukuisha, mama yako akaja kuwachukua, wakahamia kwake Columbus. Habari ya mbwa ilikwisha kutangulia. Wakongomani wanapenda utani, na babu yako hakujitetea, basi ikawa hadithi ya familia: mzee na miwani yake.

Miaka mitatu nilikaa na donge lile. Ile bunduki ya shaba niliirudisha dukani mwezi ule ule, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Mwishowe nikaendesha gari mpaka Columbus. Mama yako alinikaribisha fufu na samaki, kisha akatuacha barazani. Nikamwambia babu yako yote, nikaanguka magotini. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikungojea," akasema. "Pale kwa mbwa nilikungojea. Ndani ya gari, njia yote, nilikungojea. Donc, umefika. Nimekusamehe." Kisha akaniinua. "Lakini mimi siko mwenye mbwa. Uende umuambie Carl. Na watoto yangu nao uwaambie, kwa mudomo yako."

Nikaahidi. Mlangoni nilimkuta mama yako akicheka jambo kwenye simu, nikaona si wakati wake. Nikarudi Buffalo, nikasema nitakwenda shambani theluji ikiisha. Theluji ikaisha, nikasema baada ya mavuno. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kweli yangu yaliuma, lakini miguu haikwenda. Nilipokwenda, mahindi ya mtu mwingine yalikuwa yamesimama pale. Bwana Carl alikwisha kuuza, mwanawe amemhamishia jimbo lingine, jirani hakujua lipi. Popote alipofia au anapoishi, yuko na uongo wangu.

Halafu babu yako akafariki. Nilikuja msibani, mnakumbuka, nilipika chai. Usiku wa pili mjomba wako akasimulia ile ya mbwa, watu wakacheka kwa mapenzi huku wakifuta machozi, na mimi nikiwa na birika mkononi nikacheka nao. Katika yote niliyofanya, mwanangu, kicheko kile ndicho ninachokionea haya zaidi. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yamekuja na mjukuu kweli, yameandika ujumbe kutoka Louisville.

Sasa nasaha, maana uliuliza. Usinunue ya shaba. Chukua fupi na nyepesi, risasi ya wastani, vyuma vya kulengea au kioo kisichovuta, ili uone mnyama mzima na kilicho nyuma yake. Fumba macho, ipandishe, fumbua. Isipokaa yenyewe, irudishe. Kabla ya kuingia vichakani muulize mwenye shamba mbwa wake yuko wapi, kisha muulize tena. Ukiwa umekaa, mnyama akitokea, mwite jina kwa midomo yako. Likikwama, teremsha mtutu, koyote atarudi kesho. Mzee akikushauri, usitazame katoka kambi gani. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku ile ile, hapo hapo, kabla mtu mwingine hajakubebea.

Nakuomba na kazi moja. Jumapili hii nitakuwa Columbus kwa mama yako. Nimempigia, nimemwambia awaite wajomba zako wote. Njoo na wewe. Nitasema kwa mdomo wangu kama nilivyoagizwa, lakini nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mungu akupe jicho pana na mkono mzito wa kuvuta. Akujalie mzee wa kukuuliza jina, na masikio ya kumsikia. Na pale mwituni, ukimaliza kumwita mnyama, mkumbuke babu yako, ambaye hakuwahi kumpiga mbwa wa mtu.

Mbwa yule ni Molly. Aliyempiga ni mimi, Rajabu.