Nilimwacha Fundi Anselmi Abebe Kosa la Mashua Yangu

Niliseme jambo lenyewe kabla sijapata njia ya kulizunguka: mkosaji ni mimi. Si fundi, si upepo, si shetani. Mimi!

Jina langu sitalitaja. Watu wa kijijini kwangu, upande huu wa Muleba unaoshuka ziwani, wanalijua vya kutosha, na wanangu wanasoma shule ya misheni. Sitaki walikute gazetini. Lakini habari yenyewe nitaisema yote, maana nimeificha mno.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Aliniachia kibanja cha migomba na kahawa, na mashua moja kuukuu iliyolala ufukweni, majani yamemea ndani yake, kuku wa watu wanatagia humo. Wengi walinishauri niipasue kuni. Nikakataa. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, kahawa ilikuwa inalipa, na mimi nilikuwa kijana wa kupenda kuonekana. Nilitaka niwe wa kwanza kijijini kwetu kuwa na mashua ya tanga, wenzangu wakiendelea kuvunjika migongo na makasia.

Nikaita majirani. Wakaibeba mabegani kutoka ufukweni, wakapanda nayo kilima wakiimba, wakaishusha nyuma ya nyumba yangu juu ya magogo. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinyweka siku ile!

Fundi wake alikuwa Anselmi. Huyu hakuwa fundi tu. Alikuwa munywani wangu, rafiki wa kweli. Tulibatizwa siku moja, tukaoa mwaka mmoja, na binti yangu Edina alipobatizwa, yeye ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Mashua zilizopita mikononi mwake zilijulikana mpaka kisiwani Bumbire.

Alifanya kazi pale nyuma ya nyumba karibu miezi mitatu. Alikwangua ukoga, akang'oa misumari yenye kutu, akabadilisha mbao za ubavuni moja moja. Kila ubao aliugonga kwa nyundo, kisha akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ubao mzima unaitikia," aliniambia. "Uliooza unanyamaza."

Siku moja akafika chini kabisa, ubao unaokutana na mkuku, ule mti mmoja mrefu unaobeba mashua nzima. Akagonga. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Huu lazima utoke," akasema.

Ubao mpya wa mvule tulikuwa nao, lakini ulikuwa mbichi. Anselmi akasema ukipigiliwa mbichi utajikunja na kuachia misumari, kwa hiyo uanikwe kivulini wiki kadhaa kwanza. Kabla wiki hizo hazijaisha, habari ikaja kwamba mama mkwe wake amefariki huko Rubafu. Ikabidi aende msibani na mkewe.

Asubuhi ya safari alipitia kwangu. "Chini pale usiguse mpaka nirudi. Na mashua usiishushe majini."

"Na tanga je?"

"Tanga jifunze hapa hapa nchi kavu. Ila kamba yake usiifunge popote, hata siku moja! Inashikwa mkononi. Upepo ukizidi, unaiachia."

Nikaitikia kama mtoto mwema. Ee Mungu wangu!

Kumbe mdomo wangu ulikuwa umeshanitangulia. Nilikuwa nimetamba kila penye watu kwamba siku ya sikukuu ya Petro na Paulo, Padri ataibariki mashua yangu. Katekista alishatangaza kanisani. Shemeji yangu Gaudensi, mulamu kama tunavyosema sisi, kaka wa mke wangu, alishatunga wimbo wa kuisifu mashua. Gaudensi alikuwa mpiga nanga, kinanda chetu cha nyuzi. Ndugu msomaji, kama hukuwahi kumsikia Gaudensi akizicharaza nyuzi za nanga, siwezi kukueleza. Wazee walikuwa wanalia.

Siku zikakaribia, Anselmi hajarudi. Watu wakaanza kuniuliza kwa kejeli, "Vipi, mashua yako itavua migomba?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua pamba na nyuzi za mgomba nikasokotea kwenye ule ubao mbovu, nikashindilia kwa patasi. Juu yake nikapaka lami niliyoinunua duka la Mhindi kule Bukoba. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikoroga lami jikoni.

"Baba Edina," akaniambia, "Ta Anselmi si alisema asubiriwe?"

"Anselmi ni fundi, mwenye mashua ni mimi!"

Akainama, akaendelea kukoroga.

Nikasimamisha mlingoti. Tanga la kitambaa cha marekani lilikuwa limeshonwa tayari na fundi cherehani wa Muleba, nikalipandisha mwenyewe. Lilipotunisha kifua kule uani, katikati ya migomba, nilijiona mfalme. Majirani wakaishusha mashua mpaka ufukweni.

Anselmi alirudi asubuhi ya sikukuu yenyewe, akaja moja kwa moja ufukweni na vumbi la njiani miguuni. Watu walikuwa wamejaa, Padri amevaa tayari. Mashua inang'aa kwa lami. Akanivuta kando.

"Ule ubao?"

"Niliutoa," nikasema. "Nimepata mvule mkavu kwa mtu wa Kamachumu. Nimeupigilia mwenyewe."

Akanitazama kidogo. "Mvule mkavu?"

"Mkavu kabisa."

"Haya, munywani. Kama ni mkavu, sawa."

Akaamini! Watu wakaanza kumpigia makofi kwa kazi nzuri, naye akainua mkono kuwashukuru. Aliinua mkono kwa kazi ambayo haikuwa yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, ninacheka.

Siku tatu baadaye nilitoka na Gaudensi kwenda kujaribu nyavu. Ilikuwa mchana mweupe, ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Tanga likashika upepo, tukakimbia vizuri. Gaudensi akaimba. Nami, kwa kuwa mkono ulichoka, nikaifunga kamba ya tanga kwenye kiti cha mashua. Nikaifunga fundo la kuzunguka mara mbili!

Tulipotoka kwenye kivuli cha rasi, upepo ukatupiga ubavuni ghafla. Mashua ikalala. Nikapiga kelele, "Mulamu, fungua kamba!" Gaudensi akaiwahi, akaingiza vidole kwenye fundo, na wakati ule ule tanga likavuta kwa nguvu zote za upepo.

Sauti aliyoitoa naisikia hata sasa ninapoandika.

Mara chini pale pakaachia. Sikuona ufa, niliona ubao mzima unafunguka kama mlango. Maji yakaingia kwa wingi ambao hakuna ndoo ingeweza kuyatoa. Mashua ikajaa, ikapinduka. Nilikata kamba kwa kisu nikiwa majini, nikamshika Gaudensi kwenye kwapa, tukaning'inia kwenye mlingoti uliolala juu ya maji mpaka wavuvi wa Bumbire walipotuona.

Hatukufa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia wa Gaudensi vilikuwa vimekwisha. Kwenye zahanati ya misheni vilikatwa vyote viwili.

Mpiga nanga!

Siku ya pili yake mawimbi yaliirudisha mashua ufukweni. Hapo ndipo nilipofanya ubaya ambao hata kuuandika mkono unakataa. Kabla jua halijawa kali nilichukua shoka, nikaenda nikaipasua yote, nikianza na chini. Waliopita niliwaambia ina mkosi, siwezi kuitazama. Wakanionea huruma. Wakanisaidia kubeba kuni mpaka nyumbani!

Mke wangu aliziona. Akaenda kuokota matawi makavu ya mibuni, akapikia hayo. Zile kuni hakuzigusa. Zilikaa pale ukutani mpaka nilipozichoma mwenyewe shambani.

Maneno yakaanza. Fundi ameua mashua ya mtu. Fundi amemkata Gaudensi vidole. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, akaita baraza.

Asubuhi ya baraza Anselmi alikuja kwangu, akakataa kuketi.

"Munywani, nakuuliza tukiwa wawili tu. Ule ubao uliubadilisha?"

Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa ndani anamenya ndizi, nikasikia kisu chake kimesimama.

Nikasema, "Niliubadilisha."

"Sawa," akasema Anselmi. Akaondoka.

Barazani mkungu aliuliza nani aliitengeneza mashua ile. Watu wakamnyooshea kidole. Akaulizwa kama ana la kujitetea. Akanitazama mimi. Hakutazama mkungu wala Gaudensi aliyekaa na mkono umefungwa kitambaa, alinitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

"Sina la kusema, waitu," akajibu kwa heshima.

Ikaamuliwa asiguse tena chombo cha mtu kijijini. Wakati anatoka, mzee mmoja alitema mate chini mbele yake. Nami sikufungua kinywa!

Haukupita mwezi, Anselmi akaenda Buganda kutafuta kazi. Baadaye mkewe na watoto wakamfuata. Kibanja chao kikagawanywa na ukoo.

Unadhani nilipona? Nilipoteza usingizi, nikapoteza hamu ya chakula, nikaanza kukwepa kuungama kwa Padri, Pasaka baada ya Pasaka. Edina akikua aliniuliza, "Tata, baba yangu wa ubatizo yuko wapi?" Nikamjibu yuko kazini. Nyumbani kwetu hapakuwa na ugomvi, ila mke wangu alikuwa ananihudumia kama anavyohudumiwa mgeni. Mwaka wa nane nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nangoja useme," akajibu. "Nilidhani utasema siku ile. Halafu nikadhani utasema Jumapili. Baba Edina, mimi nilikoroga ile lami. Unadhani mimi nalala?"

Juma lile lile nikapanda lori la kahawa, nikavuka mpaka, nikauliza uliza mpaka nikamkuta karibu na Masaka. Anselmi alikuwa anafyatua matofali. Nywele zimeanza mvi. Aliponiona aliosha mikono, akanipa kigoda, akaagiza niletewe maji ya kunywa. Adabu ile iliniua kuliko matusi.

Nikapiga magoti kwenye udongo. Nikamwambia yote, ubao, lami, kamba, shoka.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Inuka. Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu niliposikia umeipasua kwa shoka. Mtu akiwa na mashua iliyoharibiwa na fundi, anaihifadhi amwoneshe fundi."

"Kwa nini basi hukusema barazani?"

"Ningesema nini? Ubao haukuwepo. Shahidi aliyebaki ni wewe. Nikakuachia wewe useme."

Nikamsihi arudi. Nikamwambia nitampa sehemu ya kibanja changu, na mashua za kutengeneza zipo. Akatikisa kichwa.

"Tangu siku ile sijashika nyundo. Nikitaka kugonga ubao, naona watu wananinyooshea kidole. Wewe nenda kaseme pale ulipokaa kimya. Ila usiseme ili mimi nirudi. Mimi sirudi."

Nikarudi. Nilianza na Gaudensi. Nilimkuta anapalilia migomba, nikamweleza nimesimama, nikijiandaa kwa pigo la jembe. Hakunipiga. Afadhali angenipiga!

"Vidole vyangu nilishavisamehe," akasema taratibu. "Niliona ni ajali, nikamwachia Mungu. Sasa umekuja na jambo jingine, mulamu. Itabidi nianze upya kusamehe, na sijui kama nitafika."

Akarudi kwenye jembe lake. Mpaka leo ananisalimia, lakini nyumbani kwangu haingii.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misani, nikamwomba mkungu nafasi. Nikasema yote mbele yao, nikataja jina la Anselmi kwa sauti kubwa, nikasema hana kosa. Kisha yule mzee aliyetema mate siku ile akauliza, "Na yule mtu tumrudishie nini sasa?"

Tulimpelekea ujumbe kwa dereva wa lori kwamba kijiji kizima kinamwomba radhi. Jibu likaja kwa mdomo: anashukuru, wazima wote, mwanawe wa kwanza ameoa huko huko.

Basi, ndugu yangu uliyesoma mpaka hapa, sikuandika ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani anatukanwa kwa kosa lako. Labda ni mtumishi wako, labda ni mkeo, labda ni rafiki aliyekuamini. Nawe unajiambia ngoja maneno yapoe kwanza, utasema kesho.

Nenda leo! Nenda angali anakutazama usoni akikungoja. Mimi nilisema kesho kwa miaka minane, na nilipofika hatimaye na maneno yangu, mwenye haki yake alikuwa haihitaji tena.